Ujumbe Upitie Kilima Gani?

Mkuu wa chuo, walimu wetu, mafundi wenzangu mliosafiri usiku kucha kuja hapa, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkasimama ukutani: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa asubuhi yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ujumbe wa data unavyotafutiwa njia katika mtandao wa redio modemu. Naomba nianzie kisimani, kwa sababu huko ndiko nilikolielewa jambo hili, baada ya kulisoma vitabuni miaka mingi na kudhani nalijua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi katika mradi wa maji wa mji mdogo ulio chini ya milima. Tulikuwa na visima 6 bondeni, matangi 2 kilimani, na ofisi mjini. Kila mahali palifungwa redio modemu, kisanduku chenye antena ambacho hupokea maneno machache kutoka kwenye kompyuta, huyageuza kuwa mawimbi na kuyarusha hewani. Hakuna waya, hakuna laini ya simu, hakuna bili ya kila mwezi. Tangi likijaa, kipimo cha kimo cha maji hutuma taarifa ofisini, nayo ofisi huiamuru pampu izime. Maji yakishuka, pampu huamriwa iwake. Ujumbe wenyewe hauzidi herufi 20. Mtu angedhani hakuna kazi rahisi kuliko hiyo.

Kisima cha tano kilikuwa nyuma ya mgongo wa kilima. Aliyesanifu mtandao alikiandikia njia ya moja kwa moja: ofisini hadi kisima cha tano, hatua moja tu. Mradi ulikabidhiwa mwezi wa tisa, majani yamekauka, mashamba yamevunwa, na kila kitu kikafanya kazi. Kisha masika ikaja. Miti ikavaa majani mabichi, mahindi yakasimama, bonde zima likalowa. Usiku mmoja ofisi ilituma amri pampu iwake, na amri ikapotea njiani. Modemu ikairudia mara tatu, kama ilivyopangwa, halafu ikaiacha. Alfajiri tangi lilikuwa tupu. Nilipofika kwenye vituo vya kuchotea maji, kina mama walikuwa wamepanga ndoo tangu saa kumi usiku. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, ana homa. Sikuwa na la kumwambia.

Siku ile nilichukua modemu ya akiba, betri na daftari, nikaanza kuhesabu. Kutoka ofisini kwenda kisimani nilituma ujumbe 100, ukafika 40. Kutoka kisimani kurudi ofisini, vivyo hivyo, 40 na ushei. Kisha nikapanda hadi kwenye tangi la juu, ambalo linaona mji upande huu na bonde upande ule. Kati ya tangi na kisima, 95 kwa 100. Kati ya tangi na ofisi, 95 kwa 100, kwenda na kurudi.

Sasa hesabuni pamoja nami. Ujumbe ukifika, anayepokea lazima arudishe risiti, la sivyo mtumaji hajui kama umefika. Kwa hiyo ujumbe na risiti yake vyote viwili vinapaswa kuvuka. Kwenye njia ya moja kwa moja, 40 kwa 100 kwenda na 40 kwa 100 kurudi, mzunguko unakamilika mara 16 tu katika majaribio 100. Maana yake, kwa wastani utarusha mara 6 na zaidi ili upate risiti moja. Modemu yetu ilikuwa inarusha mara 4 kwa jumla, na ukijaribu mara 4 kwenye njia ya 40 kwa 100, ujumbe 13 hivi katika kila 100 hautafika kamwe. Kwa kupitia tangini, kila hatua inakamilika mara 90 katika 100. Hatua mbili zinahitaji mirusho 2.2 kwa wastani. Njia ya hatua mbili ilikuwa nyepesi karibu mara tatu kuliko njia ya hatua moja.

Nilibadilisha mstari mmoja katika jedwali la njia, yaani orodha inayoiambia modemu ujumbe upitie wapi. Mstari mmoja. Sikununua antena mpya wala sikuongeza mlingoti. Kisima cha tano hakikupotea tena hewani masika ile.

Hesabu hii si yangu. Mwaka 2003 Douglas De Couto na wenzake wa MIT waliiandika rasmi kama kipimo cha njia: usihesabu hatua, hesabu mirusho inayotarajiwa mpaka ujumbe ufike na risiti irudi. Chuo hicho kilikuwa na mtandao wa redio juu ya mapaa ya nyumba za Cambridge, Massachusetts, ulioitwa Roofnet, na waliliona tatizo lilelile nililoliona mimi bondeni. Programu inayohesabu hatua hupenda hatua ndefu, na hatua ndefu ndiyo inayogusa mwisho wa uwezo wa redio. Yaani programu inachagua kwa makusudi viungo dhaifu kuliko vyote. Ukitumia waya kosa hili halionekani, kwa sababu waya ama upo ama umekatika. Hewani kuna hali ya katikati, na sehemu kubwa ya maisha yetu mafundi wa redio tunaishi katika hiyo hali ya katikati.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo risiti, maana hapo ndipo naona vijana wengi wanateleza, na ndipo walipoteleza hata waliotutangulia.

Tarehe 31 Mei 1978 waendesha redio wa hiari mjini Montreal, Kanada, walirushiana hewani pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, na ndio wanaohesabiwa kuwa wa kwanza miongoni mwa redio za hiari. Miaka michache baadaye kikundi cha TAPR huko Tucson, Arizona, kilianza kusambaza modemu ambazo mtu aliweza kuziunganisha mwenyewe mezani, na mwaka 1984 toleo la pili la AX.25, itifaki au kanuni za kupanga na kutumiana pakiti hizo, likachapishwa. Mwendo ulikuwa biti 1200 kwa sekunde: redio ya kawaida ya VHF inapiga sauti mbili, moja ya 1200 Hz na nyingine ya 2200 Hz, na mbadilishano wa sauti hizo ndio unaobeba biti. Kila kituo kilikuwa na jina lake la hewani. La Tanzania huanza na 5H, la Kenya 5Z, la Uganda 5X. Majina hayo yaliandikwa kwenye kichwa cha pakiti: la mpokeaji, la mtumaji, kisha nafasi za ripita, vituo vya kurudia ujumbe njiani, hadi 8.

Ripita hizo waliziita digipita. Digipita ilikuwa mtumishi mtiifu asiye na kumbukumbu. Inasikia pakiti, inatazama kichwa, ikiona jina lake ndilo linalofuata inairusha upya, kisha inaisahau. Haimuulizi wa mbele kama ameipata. Haiweki nakala. Risiti ilitoka kwa mpokeaji wa mwisho peke yake na kurudi njia nzima hadi kwa mtumaji wa kwanza.

Tuseme hatua ni 5, na kila hatua inafaulu mara 80 katika 100. Wengi wenu mngeridhika na kiungo cha namna hiyo. Pakiti kufika mwisho ni mara 33 katika 100. Risiti kurudi ni mara 33 tena. Zote mbili pamoja hazifiki hata mara 11. Na kila ikishindikana, mtumaji anaanza upya kutoka nyumbani, hata kama pakiti ilikuwa imeshavuka hatua nne na ikafia kwenye ya tano. Ukipiga hesabu, mirusho ya pakiti hewani kwa ujumbe mmoja inakaribia 31. Chukueni sasa hatua zilezile 5, hewa ileile, redio zilezile, lakini kila kituo kidai risiti kwa jirani yake kabla hakijauachilia ujumbe. Mirusho inashuka hadi 8 hivi.

Kutoka 31 hadi 8. Niliporudia hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia tena.

Nyumbani tunalijua jambo hili tangu zamani. Ukituma mzigo kwa basi kutoka Mbeya kwenda Mwanza, na mzigo ukahamishwa njiani, karani wa kila stendi anaandika risiti na kumpigia wa mbele: umeupata? Mzigo ukipotea baada ya Singida, msako unaanzia Singida. Hakuna anayerudi Mbeya kufunga mzigo mwingine. Digipita ilikuwa ni karani anayeurusha mzigo kwenye basi lolote linalopita na kwenda zake.

Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Ron Raikes na Mike Busch, walitoa programu iliyoitwa NET/ROM. Ilikuwa chipu moja ya kumbukumbu: unafungua modemu, unachomoa ya zamani, unachomeka hiyo, na modemu inageuka kuwa nodi. Nodi ilifunga kiungo cha kweli na jirani yake, chenye risiti kwa kila hatua. Pia haikungoja mtumaji aandike majina ya vituo vyote vya njiani. Mtumiaji alitaja mwisho wa safari tu, njia zilibaki kazi ya nodi zenyewe.

Zilizijuaje njia hizo? Kwa kutangaziana. Kwa kawaida kila saa moja nodi ilitangaza hewani orodha ya nodi inazozijua, na ubora wa njia ya kufikia kila moja, namba kutoka 0 hadi 255. Anayesikia anazidisha ubora huo kwa ubora wa kiungo chake na mtangazaji, anagawanya kwa 256, anaandika katika jedwali lake. Kiungo cha 192 juu ya kiungo cha 192 kinakuwa njia ya 144. Ongeza kingine, 108. Kadiri njia inavyorefuka ubora unashuka wenyewe, na njia isiyosikika kwa matangazo kadhaa inafutwa. Ni kazi ya akili sana kwa chipu ndogo kama ile, na sitachoka kuwasifu walioiandika.

Lakini ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe bado tunao. Namba ya ubora wa kiungo haikupimwa. Iliandikwa na mwenye nodi kwa mkono, mara moja, kisha ikaaminiwa. Nodi ikisikia tangazo la mgeni, ilimwandikia ubora wa kawaida kama jirani mwingine yeyote. Mlioko pwani mnajua kwamba jioni nyingine, bahari imetulia na joto limelala juu ya maji, redio ya FM ya mbali sana inaingia safi kana kwamba iko mtaa wa pili. Asubuhi haipo. Mawimbi ya VHF na UHF yakipata tabaka la hewa la namna hiyo hupita chini yake kama maji mferejini. Basi usiku wa namna hiyo nodi moja inasikia tangazo la nodi iliyo mamia ya kilomita, inaiandika kuwa jirani, inawatangazia wenzake kwamba imepata njia ya mkato, nao wanaiamini. Kesho mchana ujumbe wa wilaya nzima unaelekezwa kwa jirani ambaye hayupo, na unazama hapo mpaka tangazo lichakae. Wenye nodi walilazimika kuzifunga njia kwa mkono ili zisibadilike.

Na hata pasipo hali ya hewa, kusikia si kusikika. Kituo kilicho juu ya kilima, chenye redio ya wati 50, husikika bonde zima. Mwenye wati 5 huko chini anayapata matangazo yake yote, anaandika njia nzuri, na kila anachotuma hakifiki. Kwa hiyo nasisitiza mpime pande zote mbili. Nani ninamsikia ni nusu ya swali. Nani ananisikia ni nusu ya pili, na huwezi kuijibu ukiwa peke yako. Lazima mwenzako akwambie.

Jeshi la Marekani lilikuwa limeligusa jambo hili mapema zaidi. Shirika la utafiti la DARPA lilianza mradi wa redio za pakiti mwaka 1973, na redio zao zikawekwa kwenye vilele vinavyoizunguka Ghuba ya San Francisco na ndani ya magari. Kila redio ilijitangaza kila sekunde 7.5, si kila saa, ili gari likisonga majirani wajue upesi. Na walikuwa na ufundi mmoja ninaoupenda sana: ukishaurusha ujumbe kwa jirani, kaa umsikilize. Ukimsikia naye akiurusha mbele, hiyo ndiyo risiti yako. Haikuhitajika kutuma kingine. Hewa ikaokolewa kwa kutumia masikio. Tarehe 22 Novemba 1977, gari lao likiwa barabarani California, data ilitoka kwenye redio ile, ikaingia kwenye mtandao wa ARPANET, ikavuka kwa setilaiti hadi London, ikarudi Los Angeles. Mitandao mitatu tofauti ilizungumza kama mmoja. Intaneti mnayoitumia simuni ilipita kwenye redio modemu ndani ya gari, na hilo watu wengi hawalijui.

Nirudi kwenye matangazo ya njia, kuna shimo moja sitaki muanguke. Njia zinazojulikana kwa kuambizana zina tabia ya uvumi: habari njema hukimbia, habari mbaya hutambaa. Tuseme A anamfikia C kupitia B. Kituo C kinazimika. B anakosa njia, lakini kabla hajasema lolote anamsikia A akitangaza, "mimi namfikia C kwa hatua mbili." B hajui kwamba njia ya A ni yeye mwenyewe. Anaandika: C yuko kwa A, hatua tatu. A anasikia, anaandika nne. Na ujumbe wa C unapigwa danadana kati yao, kila mmoja akimwamini mwenzake, mpaka namba zifike kikomo. Dawa mojawapo ilitolewa na Charles Perkins na Pravin Bhagwat mwaka 1994: kila kituo kiweke namba kwenye habari zinazokihusu chenyewe, na namba iongezeke kila kikitangaza upya. Habari yenye namba ndogo ni ya jana, itupwe, hata kama ni tamu. Mkiunda itifaki yenu, na natumaini mmojawenu ataunda, wekeni namba hiyo tangu siku ya kwanza.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba ujumbe ni mmoja na hewa ni ya kwake. Hewa ni ya wote. Mwezi Juni 1971, kwenye Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao wa ALOHA, kwa sababu walitaka kuzifikia kompyuta kutoka mbali bila kutegemea laini za simu. Kanuni yao ilikuwa ya kijasiri: una pakiti, irushe. Isipopata risiti, ngoja muda wa kubahatisha, irushe tena. Abramson alionyesha kwa hesabu kwamba kwa kanuni hiyo, hewa haitabeba zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Zinazobaki ni kelele za kugongana na ukimya wa kungojana. Wakikubaliana kuanza kurusha mwanzoni tu mwa vipindi vifupi vilivyopangwa kwa saa, kikomo kinapanda mara mbili, asilimia 36.8.

Mtasema, si bora kusikiliza kwanza? Ni bora, na redio zetu nyingi husikiliza. Lakini mwaka 1975 Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock waliandika juu ya kituo kilichojificha. Visima viwili viko pande mbili za kilima. Kila kimoja kinasikilizana na tangi lililo juu, lakini vyenyewe havisikilizani, kilima kimesimama katikati. Kisima cha kwanza kinasikiliza, kinaona kimya, kinarusha. Cha pili kinasikiliza, nacho kinaona kimya, kinarusha. Tangi kule juu linapata uji. Angalieni basi: kilima kilekile kinachotufaa kwa kupitishia ujumbe ndicho kinachotuletea mgongano, kwa sababu kinawasikia wote wasiosikilizana.

Kuna gharama nyingine ya kupokezana kwenye masafa mamoja. Ripita haiwezi kupokea huku inarusha. Tuseme A, B, C na D wanapokezana kwa mstari. B anapomrushia C, A lazima anyamaze. C anapomrushia D, B anamsikia C, kwa hiyo A akirusha wakati huo sauti zitagongana masikioni mwa B. Kwenye mnyororo mrefu mtumaji anapata zamu moja katika tatu, hata hewa ikiwa safi kabisa. Kwa biti 1200 kwa sekunde, pakiti ya herufi 256 pamoja na kichwa chake inakula kama sekunde 2 za hewa kila inaporushwa. Zidisheni kwa hatua, zidisheni kwa marudio, mtaelewa kwa nini napigania kila mrusho. Mwenye uwezo aipe njia kuu masafa yake, tofauti na yale ya visima.

Vijana wengi hapa mna vile visanduku vidogo vya LoRa, redio za data zinazofika mbali kwa nguvu kidogo, vyenye programu ya Meshtastic, iliyoanza mwaka 2020. Nimeviona mezani huko nje nikafurahi sana. Wengine watawaambia kwamba hapo hakuna kuelekeza njia, ni kupiga mbiu tu: mmoja anasema, kila asikiaye anarudia. Si hivyo hasa. Kituo kikisikia ujumbe hakirudii papo hapo. Kinangoja kidogo, na aliyeupata kwa udhaifu, ambaye pengine ndiye aliye mbali zaidi, anapewa nafasi ya kutangulia. Wengine wakimsikia amerudia, wananyamaza. Kila ujumbe una idadi ya hatua, kawaida 3, mwisho 7, ikiisha unakoma. Kwa watu kumi wanaopanda mlima, hakuna kinachofaa kuliko hicho, kwa sababu wanasogea kila dakika na jedwali lolote la njia lingechakaa kabla halijakauka wino. Kwa vituo 200 vya mji mmoja, mbiu inakuwa kelele. Ndiyo maana watunzi wake, kuanzia toleo la 2.6, wameanza kuufundisha ujumbe wa mtu mmoja kwa mmoja kumkumbuka jirani aliyefaulu safari iliyopita na kumpitia yeye. Wamefika kwa njia yao palepale NET/ROM ilipofika mwaka 1987, tofauti ikiwa kwamba wanakumbuka kilichofaulu kweli, hawaandiki namba kwa mkono.

Naomba niwapeleke Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kabla sijakaa chini. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya madaktari waliopinga vita vya nyuklia na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1985, alianzisha shirika la SatelLife ili madaktari wa nchi zetu wapate majarida na barua za kitabibu. Simu za kimataifa zilikuwa ghali na laini zikikatika. Mtandao wao wa HealthNet ulitumia setilaiti ndogo zilizojengwa Surrey, Uingereza, na mwaka 1993 HealthSat-2 ikarushwa kwa ajili ya kazi hiyo. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 800 hivi juu, inaizunguka dunia kwa takriban dakika 100, na inapopita juu yako unaiona kwa dakika 15 au pungufu. Ndani ya dakika hizo redio modemu ya hospitali inapandisha barua na kushusha zilizokuja. Kisha setilaiti inaondoka na barua tumboni, inavuka bahari, inazishusha upande wa pili.

Hiyo nayo ni njia. Katika kila jedwali nililolieleza leo, kituo kisichosikika kwa sasa ni kituo kisichofikika. Wale walisema hapana: hafikiki sasa hivi, lakini saa nne na robo atapita juu yetu, mtunzieni barua zake. Ujumbe ulilala njiani bila kupotea, kwa sababu kuna aliyeukubali na kuutunza. Daktari aliyekuwa akingoja jibu kuhusu mgonjwa hakujali kama jibu limechukua sekunde au nusu siku. Alijali kwamba limefika. Nilipobadilisha mfumo wa kisima chetu niliufuata mtindo huo: modemu ya tangini ikikosa ofisi, haitupi taarifa. Inaiweka na saa yake, na kiungo kikirudi inaituma. Na pampu ikikaa dakika 30 bila kusikia neno, inafuata kanuni salama tuliyoiandika ndani yake, kwa kutazama kipimo chake yenyewe.

Nimewaletea modemu nne za UHF za masafa mnayoruhusiwa kuyatumia hapa, betri zake, na madaftari. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa chini ya kilima kilichoko nyuma ya chuo. Kundi la kwanza litabaki langoni, la pili litakwenda bondeni ng'ambo, la tatu litapanda na mimi, na modemu ya nne tutaiweka nyuma ya majengo ya bwalo, mahali ambapo nadhani langoni hapasikiki. Kila kundi litatuma ujumbe 100 kwa kila kundi jingine na kuandika uliofika, kwenda na kurudi. Msichore njia yoyote kwenye karatasi kabla namba hazijakamilika. Vaeni viatu vya kufunga, nyasi za huko ni ndefu na zina umande mwingi asubuhi.